Dini kwenye ratiba ya serikali: Zanzibar inabishania nini hasa?

Serikali haina dini, lakini darasa la nne lina kipindi cha Dini, na mwalimu wake anapokea mshahara wa Wizara ya Elimu. Ukiyaweka maneno hayo mawili pamoja mbele ya watu, barza haitanyamaza mpaka adhana ya magharibi. Mmoja atasema katiba inavunjwa mchana kweupe. Mwengine atauliza kwa hasira: watoto wa Kiislamu, katika nchi ya Waislamu, mlitaka wasome nini? Wote wawili huondoka wakidhani wameshinda, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajibu swali lake mwenyewe.

Ukisikiliza kwa utulivu utagundua kwamba Zanzibar hakuna anayebishana kwa dhati kama Uislamu ufundishwe au usifundishwe. Hilo lilikwisha zamani. Ubishi uko kwengine: nani ana haki ya kuufundisha, saa za mtoto ni za nani, na yule mtoto mmoja asiyekuwa Muislamu anakaa wapi kipindi hicho kikiingia. Mambo haya yamesukwa pamoja kiasi kwamba ukivuta moja, yote yanakuja.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Katiba ya Muungano ya 1977 inasema Jamhuri haina dini. Kifungu chake cha 19 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na kinaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo, katika kifungu chake cha 19, inalinda uhuru huo huo. Mpaka hapo mlalamikaji wetu wa barazani ana hoja. Lakini elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Katika orodha ya mambo ya Muungano imo elimu ya juu, limo na Baraza la Mitihani la Taifa. Skuli za Makunduchi na Micheweni hazimo. Mtaala wao unaamuliwa hapa hapa visiwani. Zanzibar ilipojiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mnamo Disemba 1992, ililazimika kujitoa Agosti 1993, kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano. Kipindi cha Dini hakina kizuizi cha namna hiyo.

Tena dola ya Zanzibar haikuwahi kuwa mbali na dini kama maandishi ya katiba yanavyoonesha. Iko Mahakama ya Kadhi kwa sheria, iliyoandikwa upya mwaka 2017. Iko Ofisi ya Mufti kwa sheria ya 2001. Iko Kamisheni ya Wakfu. Bara hakuna mahakama ya kadhi ya dola, na vipindi vya dini katika skuli za serikali kwa desturi vimetegemea walimu wa kujitolea kutoka misikitini na makanisani. Kwa hiyo mtu wa Morogoro akishangaa kumkuta mwalimu wa Dini kwenye orodha ya mishahara ya serikali, mshangao wake una sababu. Anatoka kwenye mpango mwengine kabisa.

Sasa, mpango huu wa kwetu ulitoka wapi? Jibu linalopendwa ni kwamba ulitoka kwa Waarabu. Mimi nasema ulitoka kwa Waingereza, tena bila ya wao kupenda.

Kabla ya skuli kulikuwa na chuo, yaani madrasa ya Qur'ani. Mtoto alikwenda kwa mwalimu wake, akaanza na alifu, bee, tee, akaingia juzuu ya Amma, akamaliza msahafu akahitimu. Aliyetaka zaidi alikwenda darsa msikitini, au Ukutani, kwenye madrasa ya Sheikh Abdallah Bakathir, ambaye pamoja na Sayyid Ahmed bin Sumayt walikuwa taa za elimu ya Unguja mpaka wote wawili walipofariki mwaka 1925. Skuli, kwa mtu wa wakati ule, ilikuwa kitu cha wamisionari. Waanglikana walikuwa na watoto wa watumwa walioachiwa huru kule Mbweni na Kiungani, na kanisa lao kuu lilisimama Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Mzazi wa Kiislamu aliyasikia maneno skuli na ubatizo kwa pumzi moja.

Serikali ya himaya ya Waingereza ilipotaka makarani wake, mwanzoni mwa karne ya 20, ilifungua skuli zake zisizokuwa za misheni. Sultani wa wakati huo, Ali bin Hamoud, mwenyewe alisoma Harrow, Uingereza. Akaletwa mwalimu kutoka Misri ili watu watulie. Hawakutulia. Wazazi, hasa wa mashamba, waliwaficha watoto. Lililowauma zaidi ni kwamba mtoto aliyetoka chuoni, anayeweza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kusoma barua ya baba yake aliyeko Lamu, mbele ya afisa wa elimu alihesabiwa hajui kusoma. Mkurugenzi wa elimu, Rivers-Smith, alikuwa mtu wa herufi za Kirumi, na hakuona sababu ya skuli kufanya kazi ya chuo.

Madawati yakabaki matupu. Ndipo serikali ilipokubali, shingo upande, kuiingiza Qur'ani katika ratiba na kuwaingiza walimu wa Qur'ani katika majengo yake. Watoto wakaja. Kwa ufupi, Dini iliingia skuli ya serikali kama chambo. Aliyeitia alikuwa afisa wa Kikristo aliyetaka watoto wajifunze hesabu na usafi wa mwili. Ninalisisitiza hili kwa sababu pande zote mbili hulisahau. Anayesema kipindi cha Dini ni njama ya kuifanya nchi ya Kiislamu hajui kilivyoanza. Na anayesema ni haki yetu ya asili asiyoweza mtu kuigusa naye anasahau kwamba yalikuwa makubaliano: nyinyi tupeni watoto, sisi tutawapa Qur'ani. Makubaliano huweza kukaliwa upya.

Makubaliano hayo yalizaa watu. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alikuwa mwalimu wa skuli za serikali kabla ya kuwa kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, na ndiye aliyetufasiria Qur'ani nzima kwa Kiswahili. Mtu mmoja alisomesha darasani asubuhi na msikitini usiku, na hakuna aliyeona ajabu. Miaka ya 1950 kilikuwapo pia chuo cha juu cha dini, Muslim Academy, chini ya Sayyid Omar Abdallah, aliyesoma Makerere na baadaye Uingereza.

Mapinduzi ya 1964 yalibadilisha mengi, lakini si hili. Tarehe 23 Septemba ya mwaka ule elimu ilitangazwa kuwa bila malipo, siku tunayoisherehekea mpaka leo kwa gwaride na vikundi vya watoto, na skuli za watu binafsi na za jumuiya zikawa mali ya serikali. Muslim Academy ilifungwa. Masheikh wengi waliondoka. Al-Farsy akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kipindi cha Dini kikabaki. Katika zama za Mzee Aboud Jumbe chuo cha dini kikafufuliwa kwa jina la Chuo cha Kiislamu, kazi yake ikiwa ni kutoa walimu. Hapo ndipo dola ilipokuwa mwajiri mkubwa wa watu wa elimu ya dini, jambo ambalo Rivers-Smith asingeliota.

Baadaye mlango wa kusoma nje ukafunguka tena: Madina, Khartoum, Cairo. Mwaka 1998 likaja jambo zito zaidi, vyuo vikuu viwili vya hapa hapa: Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, na chuo cha elimu cha Chukwani kilichoanzishwa na taasisi ya Kuwait, ambacho siku hizi kina jina la mwanzilishi wake, Abdulrahman Al-Sumait. Walimu wa Dini na Kiarabu wenye shahada wakaanza kutoka kwa wingi. Hawakuwa tena wale maalim waliokulia kwenye barza moja na wazazi wa wanafunzi wao.

Na hapa tunafika kwenye swali ambalo wageni hawalijui kabisa na wenyeji hawapendi kulisema kwa sauti: Uislamu upi?

Visiwa hivi watu wake wengi ni Mashafi, yaani Masuni wa madhehebu ya Imamu Shafi, lakini masultani waliowatawala walikuwa Maibadhi, dhehebu jengine la Kiislamu, na Maibadhi wapo mpaka leo, Unguja na Pemba. Mji Mkongwe una Mashia: Maithnaashari, Mabohora na Maismailia. Ndani ya Masuni wenyewe kuna watu wa tarika na zikri, na kuna watu wa Ansar Sunna wanaoyaita mengi ya hayo kuwa bidaa, yaani uzushi katika dini. Sasa mwalimu anasimama mbele ya watoto arubaini kufundisha sala. Mikono ifungwe kifuani? Mtoto wa Kiibadhi anamwona baba yake kila siku anasali mikono imeteremka. Dua ya kunuti isomwe katika sala ya alfajiri? Nyumba hii inasoma, nyumba ya pili yake inasema haisomwi. Na Maulidi? Serikali inafanya Maulidi ya kitaifa na viongozi wanahudhuria. Mwalimu aliyeajiriwa na serikali hiyo hiyo pengine haamini kwamba yanafaa.

Ufumbuzi wa mtaala umekuwa ni kunyamaza. Hufundishwa yale wanayokubaliana wote au karibu wote: nguzo tano, nguzo za imani, udhu, sira ya Mtume, vita vya Badri na Uhudi, tabia njema, haki ya jirani. Ni ukimya wa busara, sikatai. Lakini una gharama. Kijana anafika kidato cha nne akiwa na alama nzuri za Dini na hajawahi kuambiwa na mwalimu wake kwamba Waislamu wenzake wa mtaa wa pili wanasali tofauti na wao ni Waislamu vile vile. Hilo atakuja kulijua kutoka kwa klipu ya dakika tatu ya mhubiri mwenye kelele.

Wapo wanaokitetea kipindi cha Dini kwa sababu hiyo hasa. Husema: skulini kuna mtaala, kuna mkaguzi, kuna kitabu kinachoweza kufunguliwa na yeyote, chuoni ni mwalimu na Mungu wake. Baada ya yale yaliyotokea mwaka 2012, makanisa yalipochomwa moto, na Februari 2013, padri wa Kikatoliki alipopigwa risasi, hoja hii inapata wasikilizaji. Lakini wapo wanaoigeuza: dola ikiwa ndiyo inayoamua Uislamu gani ufundishwe, kesho itaamua na hutuba ya Ijumaa. Sheria ya Mufti ya 2001 ilipata wapinzani wake kwa hofu ya aina hiyo. Utaona basi kwamba baadhi ya watu wenye msimamo mkali kabisa wa dini na baadhi ya watu wasiotaka dini serikalini wanakutana mahali pamoja, ingawa hawatakubali kupigwa picha wakiwa pamoja.

Suala la saa linaonekana dogo lakini kwa mama wa nyumbani ndilo kubwa kuliko yote. Kwa miaka mingi skuli zetu zilikuwa na uhaba wa madarasa, watoto wakaingia kwa mikondo miwili: wengine asubuhi, wengine mchana. Uhaba huo ulikuwa riziki ya chuo. Mtoto wa mkondo wa asubuhi alirudi, akala, akavaa kanzu akaenda chuoni; wa mchana alikwenda chuoni kwanza. Siku ya mtoto ilikuwa na nusu mbili, na kila nusu ilikuwa na mwenyewe. Miaka hii serikali ya Rais Hussein Mwinyi imejenga skuli za ghorofa mjini na mashamba, na nia iliyotangazwa ni watoto wote waingie mkondo mmoja. Kwa elimu ya hesabu na sayansi ni neema. Kwa chuo ni mtihani. Anayetoka skuli mchana, akaongeza tuisheni, anabakiwa na kipande baina ya laasiri na magharibi, naye amechoka hoi.

Mzazi mwenye uwezo amekwisha kulitatua: anampeleka mtoto skuli binafsi ya Kiislamu inayofundisha yote mawili chini ya paa moja. Wadogo nao wana madrasa za maandalizi zilizoanza Mombasa mwaka 1986 kwa msaada wa Aga Khan na kufika Zanzibar 1990, ambamo mtoto anacheza, anahesabu na anajifunza sura fupi. Asiye na uwezo anaiambia skuli ya serikali: kwa kuwa mmezichukua saa za chuo, mfundisheni nyinyi. Madai haya ndiyo yatakayokuwa makubwa miaka ijayo, na sioni kama Wizara ina jibu. Chuo hakifundishi somo tu. Kinafundisha kukaa mbele ya mwalimu, kusoma kwa ulimi mpaka herufi zitoke mahali pake, kurudia sura moja wiki nzima. Vipindi vichache vya dakika arubaini kwa wiki, darasa limejaa, haviwezi kazi hiyo, na mwalimu wa skuli anayejaribu kuifanya huishia kufundisha nusu ya kila kitu.

Tuje kwa mtoto asiyekuwa Muislamu. Wangapi? Hakuna ajuaye kwa hesabu ya sensa, kwani Tanzania iliacha kuuliza dini ya mtu baada ya sensa ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na ile asilimia 99 ya Waislamu inayotajwa kila siku ni makisio tu. Lakini wapo: watoto wa askari na polisi, wa wafanyakazi wa hoteli za Nungwi na Paje waliotoka bara, na pia Wakristo wa hapa hapa ambao wazee wao walizikwa Mbweni kabla ya babu za wengi wetu kuzaliwa. Hawa wa mwisho husahauliwa kila mara. Wakristo wa Zanzibar si wageni wote.

Kwa taratibu mtoto huyu halazimishwi kusoma Dini ya Kiislamu. Tanzania imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tangu 1976, na kamati inayousimamia ilieleza mwaka 1993 kwamba skuli ya umma inaweza kufundisha dini maalumu ikiwa tu kuna msamaha usiobagua, au somo mbadala, kwa wasiotaka. Kwenye karatasi basi tumesalimika. Ila msamaha maana yake nini, saa nne asubuhi, kwa mtoto wa miaka tisa? Maana yake ni kuinuka mbele ya wenzake na kutoka. Atakaa ukumbini, au chini ya mti, au atabaki nyuma ya darasa akijifanya anachora. Wengi hubaki na kusoma, wanafaulu, na watu husifu: muoneni Joni, Dini kapata themanini! Sifa hiyo haijawahi kunifurahisha. Joni hakuchagua, alikosa pa kwenda. Kenya mwanafunzi huweza kuchukua elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu, na Baraza la Mitihani la Tanzania nalo lina mtihani wa Maarifa ya Biblia pamoja na ule wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Lakini skuli yenye watoto wawili wa Kikristo kule Konde, Pemba, haitapewa mwalimu kwa ajili yao.

Na tuwe wakweli, Waislamu wa bara wanaijua hali hii kwa upande wa pili. Mwaka 2012 matokeo ya somo la Kiislamu ya kidato cha sita yalitoka vibaya, Baraza la Mitihani likakiri kosa la ukokotoaji na kuyarekebisha, na hasira iliyozuka haikuwa ya alama peke yake. Ilikuwa ya watu waliojiona wachache mbele ya chombo cha dola. Mzanzibari aliyeshiriki hasira hiyo ana nyenzo zote za kumuelewa Joni.

Hutokea mtu akasema tuige Marekani, ambako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1963 kwamba skuli ya umma haiwezi kuwasomesha watoto Biblia kwa njia ya ibada, ingawa inaweza kufundisha habari za dini kama elimu. Kwa Zanzibar kuiga moja kwa moja ni ndoto; mzazi atarudi kule kule kwa babu yake, atamficha mtoto. Lakini wazo lenyewe lina kitu ndani yake ambacho kinatufaa. Kama skuli haiwezi kuwa chuo, basi ifanye lile ambalo chuo hakilifanyi. Maandishi ya Kikufi kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni watoto wangapi wa Kusini Unguja wanajua maana yake? Magofu ya Ras Mkumbuu kule Pemba yana msikiti wake. Mashafi na Maibadhi waliishije kisiwa kimoja, kila mmoja na kadhi wake? Bakathir na Bin Sumayt walifundisha nini? Huo ni Uislamu pia, ni wetu, na somo la aina hiyo Joni anaweza kulikalia kitini kwake bila ya kuombewa ruhusa ya kutoka. Nguzo na udhu zibaki kwa anayezihitaji. Nasema tu kwamba historia ya Uislamu wa pwani yetu ipewe nafasi kubwa zaidi.

Kikwazo kiko kwenye mtihani. Kidato cha nne karatasi ya Elimu ya Dini ya Kiislamu inatungwa na Baraza la Mitihani la Taifa kwa ajili ya nchi nzima, na mwalimu yeyote hufundisha kinachoulizwa. Tena ni karatasi ya Kiswahili, wakati Jiografia na Baiolojia zinaulizwa kwa Kiingereza, kwa hiyo wanafunzi wanaipenda na hawatataka ichezewe. Msingi na kidato cha pili ni habari nyengine: huko mitihani inasimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na vitabu vinatoka Wizarani. Huko hakuna ruhusa ya Dodoma inayohitajika.